Haut-Lomami: Endometriozi, wakati neva zinaendeleza maumivu ambayo vipimo havionyeshi

Katika Kinkondja, kama katika sehemu nyingi za Kongo, mwanamke anayefika kwenye kituo cha afya akishika tumbo la chini mara nyingi hurudi nyumbani na neno moja: infeksio. Anapewa antibiotiki. Mwezi unaofuata anarudi, neno ni lile lile, antibiotiki tu ndizo zinabadilishwa. Ikifika mwaka wa tatu hakuna tena anayemwuliza kitu. Daftari lake limejaa, na nyumbani wameanza kusema kwamba ni mvivu, ao amelogwa, ao anatafuta njia ya kumkimbia bwana yake.

Nyuma ya hadithi hiyo kunaweza kuwa ugonjwa unaoitwa endometriozi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba unawagusa karibu asilimia 10 ya wanawake na mabinti walio katika umri wa kuzaa, yaani watu milioni 190 hivi ulimwenguni. Katika darasa la mabinti 40 wa sekondari, hesabu hiyo inaweza kumaanisha wanne.

Lakini kuna jambo la pili ambalo watafiti wamelielewa vizuri zaidi katika miaka 20 hivi iliyopita, nalo halijafika kwenye vituo vingi vya afya. Maumivu ya endometriozi hayakai tu pale penye kidonda. Neva, uboho wa mgongo na ubongo vinayazoea, vinayajifunza, na mwishowe vinaweza kuyaendeleza vyenyewe. Kwa hospitali ya kando ya Lualaba, mbali na vifaa vya Lubumbashi, habari hiyo ina uzito kuliko jina la ugonjwa lenyewe, kwa sababu inaonyesha kwamba kungoja kipimo kikubwa kuna gharama yake ndani ya mwili wa mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe

Ndani ya kizazi kuna utando unaonenepa kila mwezi, kisha unatoka kama damu ya hedhi. Kwa mwenye endometriozi, tishu inayofanana na utando huo inaota nje ya kizazi: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, juu ya kibofu cha mkojo, juu ya utumbo. Mara chache inafika mbali zaidi, hata kifuani. Huko iliko inaendelea kusikia amri za homoni, hasa estrojeni. Inavimba, inaweza kutoa damu, na damu hiyo haina mlango wa kutokea. Mwili unaijibu kwa uvimbe na makovu, na viungo vilivyopaswa kuteleza kila kimoja upande wake vinashikana.

Namna tishu hiyo inavyofika huko inabishaniwa mpaka leo. Maelezo yanayojulikana zaidi yalitolewa na daktari Mmarekani John Sampson katika miaka ya 1920: sehemu ya damu ya hedhi inarudi nyuma kupitia mirija na kumwagika tumboni. Shida ni kwamba damu inarudi nyuma kwa wanawake wengi sana, na walio wengi kati yao hawapati ugonjwa huu.

Kuna kitendawili kingine, na ndicho kilichowafungulia watafiti njia ya neva. Madaktari wapasuaji wanaupanga ugonjwa katika hatua nne, kufuatana na wingi wa vidonda na makovu wanayoyaona tumboni. Mtu angefikiri kwamba mwenye hatua ya nne anaumia kuliko mwenye hatua ya kwanza. Sivyo. Kuna wanawake wenye makovu tele ambao waligundua ugonjwa kwa sababu tu walikuwa wakitafuta mtoto, na kuna wengine wenye madoa machache ambao kila mwezi wanalala chini siku tatu. Wengine vidonda vyao viliondolewa na mpasuaji hodari, na baada ya miezi kadhaa maumivu yakarudi wakati hakuna kidonda kipya kinachoonekana. Kama kidonda peke yake ndicho kinachouma, mambo hayo yote hayaelezeki.

Mlinzi asiyelala tena

Jibu la kwanza liko kwenye kidonda chenyewe. Mwaka 2005, mtafiti Karen Berkley wa Marekani pamoja na wenzake walieleza katika jarida la Science kwamba vidonda vya endometriozi vinajipatia neva zao wenyewe. Vinapoota mahali papya havivuti mishipa ya damu tu. Vinavuta pia nyuzi za neva kutoka jirani, na kwa njia hiyo kidonda kinaunganishwa moja kwa moja na uboho wa mgongo na ubongo. Ni kama mtu aliyejenga nyumba bila kibali kisha akajivutia umeme kutoka kwenye nguzo ya serikali.

Kando ya nyuzi hizo kuna kemikali za uvimbe. Zinazojulikana zaidi ni prostaglandini, zile zile zinazokaza kizazi wakati wa hedhi. Kuna pia protini inayozistawisha neva na kuzifanya ziwe kali. Neva iliyooshwa katika kemikali hizo kila mwezi inabadilika: kitu kidogo kilichokuwa hakiisumbui sasa kinaifanya ipige kelele.

Kelele hiyo inapanda mpaka kwenye uboho wa mgongo, na hapo ndipo mambo yanakuwa mazito. Mwaka 1983, Clifford Woolf, aliyekuwa akifanya kazi London, alionyesha kwa majaribio juu ya panya kwamba baada ya jeraha, uboho wa mgongo wenyewe unabadilika. Unaanza kukuza kila ujumbe unaoufikia, hata ule uliokuwa wa kawaida.

Mtu aliyewahi kulala kwenye kambi ya wavuvi ziwani Kisale anaweza kuelewa bila kusoma tiba. Wezi wakija usiku mmoja kuiba nyavu, mlinzi anapiga kelele na ni haki yake. Wakija usiku kumi mfululizo, mlinzi huyo hawezi tena kulala. Panya akipita kwenye majani, anapiga kelele. Upepo ukitikisa mafunjo, anapiga kelele. Hata wezi wakikamatwa na kupelekwa Bukama, yeye ataendelea kuamsha kambi nzima kwa muda mrefu. Hadanganyi, wala hana wazimu. Amefundishwa na usiku ule kumi.

Ndiyo maana mwanamke aliyeanza kwa kuumwa siku mbili za hedhi anaweza kujikuta, baada ya miaka mitano, anaumwa wiki mbili, kisha siku yoyote ile. Maumivu yanaachana na kalenda. Mganga asiyejua jambo hili anasikia kwamba maumivu hayafuati tena hedhi, anaamua kwamba basi si ugonjwa wa kizazi, na mgonjwa anaanza safari upya: malaria, minyoo, vidonda vya tumbo, apendisiti.

Jambo lingine linalowapoteza wagonjwa na waganga ni kwamba maumivu yanahama. Neva za kizazi, za kibofu, za utumbo mpana na za misuli ya nyonga zinaingia kwenye uboho wa mgongo karibu karibu, na nyingine zinapitia kituo kimoja. Yeyote anayejua ziwa Kisale anajua mifereji inayopita kati ya mafunjo mpaka inakutana kabla ya bandari. Mtu aliyesimama bandarini anaona mtumbwi unafika, hajui umetoka mfereji gani. Uboho wa mgongo ukisha kukasirika, haujui vizuri tena kama ujumbe umetoka kwenye kizazi ao kwenye kibofu. Mgonjwa anaanza kuumwa akienda haja ndogo wakati mkojo wake hauna wadudu, ao akienda choo kikubwa, ao mgongoni, ao kwenye mapaja. Misuli ya chini ya nyonga, ambayo imezoea kujikaza kwa kujikinga, inabaki imekazwa mchana na usiku na kuongeza maumivu yake yenyewe. Tendo la ndoa linakuwa adhabu. Hapo ndipo ndoa nyingi zinaanza kuvunjika, kwa sababu bwana hajaelezwa kitu na bibi anaona haya kusema.

Na ubongo nao. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipiga picha za ubongo za wanawake wenye maumivu ya muda mrefu ya nyonga, wengine wakiwa na endometriozi, wengine hawana. Waliona tofauti katika sehemu zinazoshughulikia maumivu kwa wale wenye maumivu sugu. Kwa wale waliokuwa na endometriozi lakini hawaumwi sana, tofauti hiyo haikuonekana hivyo. Kwa maneno mengine, kilichoacha alama kwenye ubongo kilikuwa maumivu, wala si vidonda peke yake. Mwaka 2023, utafiti mkubwa wa urithi wa vinasaba uliochapishwa katika Nature Genetics, wenye wanawake zaidi ya 60,000 wenye endometriozi, uliona kwamba ugonjwa huu unashiriki mizizi ya urithi na maumivu mengine sugu, kama vile kipandauso na maumivu ya mgongo.

Hapa kuna hatari ya kusikia vibaya. Mtu akiambiwa kwamba ubongo umo katika maumivu yake, anasikia: yako kichwani mwako, ni mawazo tu. Ni kinyume chake. Neva zilizobadilika ni mwili, sawa na mfupa uliovunjika. Tofauti ni kwamba hazionekani kwenye ekografi, na matibabu ya Kongo, kwa sababu ya umaskini wa vifaa, yamezoea kuamini kile tu kinachoonekana kwenye kipimo ao kwenye darubini ya maabara.

Ugonjwa usio wa Wazungu

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilifundisha kwamba endometriozi ni ugonjwa wa wanawake weupe wenye masomo, wanaochelewa kuzaa. Mwanamke mweusi mwenye maumivu ya nyonga aliandikiwa maambukizi, na maambukizi hayo yakahesabiwa kuwa kosa la mwenendo wake. Mwaka 1976, Donald Chatman, daktari Mmarekani mweusi, aliangalia kwa kamera ndani ya tumbo la wagonjwa wake weusi na kuchapisha alichokiona: zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na endometriozi, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuandikiwa maambukizi ya nyonga. Ni nusu karne sasa, na neno infeksio bado liko kwenye madaftari.

Afrika ya Mashariki imepata sauti zake. Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001, amesimulia hadharani jinsi alivyoanza kuumwa akiwa binti na jinsi alivyopasuliwa zaidi ya mara kumi. Alipata mtoto mwaka 2017, baada ya kuambiwa mara nyingi kwamba haitawezekana. Nchini Kenya, mtangazaji Njambi Koikai, ambaye wapenda reggae walimjua kwa jina la Jahmby, alikuwa na namna ya ugonjwa iliyopanda mpaka kifuani, ikamwangusha mapafu mara kwa mara wakati wa hedhi. Alichangiwa fedha na Wakenya akaenda kutibiwa Marekani mwaka 2018, akarudi, akaendelea kuwatetea wengine. Alifariki tarehe 3 Juni 2024, na Wakenya wengi walilijua vizuri jina la ugonjwa wake siku ile tu.

Kongo haijampata mtu mashuhuri wa namna hiyo kwa lugha ya Kiswahili. Pengine si lazima apatikane. Lakini ukimya una matokeo yake: OMS inasema kwamba kutoka dalili za kwanza mpaka jina la ugonjwa zinapita kati ya miaka 4 na 12, na hapo inazungumzia pia nchi zenye waganga na mashine za kutosha.

Kinkondja: magonjwa yanayopiga kelele na yale yanayonyamaza

Lazima kuwa wa haki kwa wauguzi wa huko. Zone ya afya ya Kinkondja iko katika bonde la maziwa ya Upemba, mojawapo ya maeneo ya Kongo ambako kipindupindu hakiondoki kabisa, kinalala na kuamka. Kuna malaria, kuna surua, kuna utapiamlo, kuna kampeni za chanjo ya polio. Wagonjwa wanafika kwa mtumbwi, kwa baiskeli, kwa pikipiki. Mbele ya mtoto anayekauka kwa kuhara, mwanamke anayesema tumbo linamuuma tangu mwaka juzi atangoja, na hakuna mtu mwenye akili atakayemlaumu muuguzi kwa hilo.

Tena neno infeksio si uongo kila mara. Maambukizi ya mirija yapo kweli na yanahitaji antibiotiki haraka, hasa kukiwa na homa na uchafu wenye harufu. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye kizazi. Na mahali ambapo watu wanavua, wanafua na kuoga katika maji yale yale, ni lazima kuwaza kichocho, ambacho kinaweza kushambulia sehemu za uzazi za mwanamke, kikaleta damu, maumivu na ugumba. Kichocho kina dawa, prazikuanteli. Kwa hiyo muuguzi anayeanza na mambo hayo hafanyi kosa. Kosa ni kurudia dawa ile ile kwa mara ya nne wakati ya kwanza, ya pili na ya tatu hazikuleta kitu, bila kujiuliza kama njia imekosewa.

Kwa muda mrefu udhuru ulikuwa huu: endometriozi haiwezi kuthibitishwa bila laparoskopia, yaani kuingiza kamera ndogo tumboni chini ya usingizi. Vifaa hivyo ni haba sana Kongo nje ya miji mikubwa, na safari ya kwenda Lubumbashi, kutoka ziwani mpaka kwenye reli ya Bukama kisha kusini, inakula mapato ya familia ya wavuvi kabla hata ya kulipa daktari. Tangazo la serikali la kujifungua bure, lililoanzia Kinshasa mwaka 2023, linahusu mimba, uzazi na mtoto mchanga. Mwanamke asiye na mimba anayeumwa tumbo la chini hamo ndani yake.

Lakini udhuru huo umedhoofika. Mwaka 2022, chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, ESHRE, kilitoa mwongozo mpya unaosema kwamba laparoskopia si tena kipimo cha lazima kwa kila mtu. Mganga anaweza kushuku ugonjwa kwa kumsikiliza mgonjwa na kumpima kwa mikono, akasaidiwa na ekografi ikiwezekana, kisha akaanza matibabu. Kamera inabaki kwa wale ambao picha hazionyeshi kitu, ao dawa hazikuwasaidia. Mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya Ulaya, lakini faida yake kubwa iko mahali kama Kinkondja.

Dawa zilizo karibu

Hapa ndipo habari ya neva inapokuwa kazi ya mikono. Ikiwa maumivu yanayorudi ndiyo yanayomfundisha mlinzi kupiga kelele, basi kuyazuia mapema ni zaidi ya kumpa mgonjwa nafuu ya siku moja. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2025 uliwafuata mabinti tangu miaka 15 mpaka 26. Wale waliokuwa na hedhi zenye maumivu makali walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuwa na maumivu sugu walipokuwa watu wazima, hata katika sehemu za mwili zisizohusiana na kizazi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba moja lilileta lingine. Hata hivyo unatosha kumfanya mama afikiri mara mbili kabla ya kumwambia binti yake avumilie kwa sababu na yeye alivumilia.

Dawa ya kwanza haina ajabu: ibuprofeni. Kazi yake ni kuzuia prostaglandini zisitengenezwe, kwa hiyo inafaa ikimezwa mwanzoni, siku ya hedhi ao hata kabla kidogo kwa mwenye mzunguko unaojulikana, na chakula tumboni, kwa kipimo anachokitaja muuguzi. Wengi wanaimeza wakati maumivu yamekwisha kufika kileleni, kisha wanasema haina nguvu. Isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo ao mwenye mimba. Na kwa watu wa ziwa kuna onyo la ziada: mtu anayehara sana asiimeze kabla ya kurudishiwa maji, kwa sababu figo zinaweza kuharibika.

Dawa ya pili iko tayari kwenye vituo vingi, lakini imefungiwa katika kabati la uzazi wa mpango: vidonge, vijiti vya mkononi na sindano ya miezi mitatu. Vinatuliza ao kusimamisha hedhi, na kwa hiyo vinapunguza mafuta yanayomwagwa juu ya moto kila mwezi. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2024 lenye wanawake zaidi ya 400 waliokuwa wamepasuliwa kwa ajili ya endometriozi lililinganisha vidonge vya kawaida na njia za muda mrefu, sindano hiyo ikiwemo. Baada ya miaka mitatu, makundi yote mawili yalikuwa na nafuu karibu sawa, maumivu yakiwa yamepungua kwa asilimia 40 hivi. Si uponyaji. Kwa mtu ambaye alikuwa hawezi kusonga bukari siku tatu kwa mwezi, ni maisha mengine.

Ugumu hapa si wa duka la dawa. Katika jamii ambako bibi asiye na mtoto anahesabiwa kuwa deni, kumpa sindano inayozuia mimba mwanamke ambaye pengine tayari anahangaika kuzaa ni jambo zito. Sindano hiyo inaweza pia kuchelewesha kurudi kwa uwezo wa kushika mimba kwa miezi kadhaa, na kuleta damu isiyo na utaratibu. Mgonjwa lazima aambiwe yote hayo, na bwana akiwepo ni vizuri zaidi. Kwa binti wa miaka 16 anayekosa masomo na anayeogopa Exetat itamkuta kitandani, hesabu inaweza kuwa tofauti. Lakini mama wa binti huyo atauliza majirani watasema nini wakijua kwamba anachomwa sindano ya wamama, na swali lake halistahili kuchekwa. Linastahili muuguzi mwenye nusu saa ya kueleza kwamba dawa moja inaweza kuwa na kazi mbili.

Dawa za neva zenyewe nazo zipo, na hapa inafaa kupunguza shangwe. Wakati nadharia ya neva ilipopata nguvu, madaktari wengi wa Ulaya walianza kuandika gabapentini. Mwaka 2020, jaribio lililofanywa Uingereza kwa wanawake 306 wenye maumivu sugu ya nyonga ambao kamera haikuonyesha kidonda lilikuta kwamba dawa hiyo haikushinda kidonge kisicho na dawa ndani, na ilileta kizunguzungu na usingizi zaidi. Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo iliyo kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima, inawasaidia baadhi ya watu wenye maumivu ya neva kwa vipimo vidogo, usiku, chini ya uangalizi wa daktari. Haipaswi kununuliwa sokoni kama peremende. Kujua kwamba neva zimo hakumaanishi kwamba kidonge cha neva kimepatikana.

Wala hakumaanishi kwamba vidonda si kitu. Vingine vinaziba mrija wa mkojo ao vinakaza utumbo, na hao wanahitaji mpasuaji, hata kama ni mbali. Damu kwenye choo kila hedhi, mkojo unaopungua na maumivu ya ubavuni, tumbo linalovimba na kufunga, kupumua kwa shida wakati wa hedhi: huyo asibakizwe kituoni. Lakini habari ya neva inatoa onyo pia kwa upande wa kisu. Kuna wanawake wanaotolewa kizazi wakiahidiwa kwamba maumivu yataisha, na baadhi yao wanaamka bila kizazi na maumivu yakiwepo bado, kwa kuwa vidonda vilikuwa nje ya kizazi, ao kwa kuwa mlinzi hakuambiwa kwamba wezi wamekwenda. Mwanamke wa miaka 30 anayepewa ushauri huo ana haki ya kuuliza ni nini hasa kitakachotolewa na ni nini kitakachobaki.

Kinachobaki hakina gharama kubwa, na kwa hiyo kinadharauliwa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa juu ya tumbo inalegeza misuli. Usingizi wa kutosha unapunguza ukali wa neva, na kukosa usingizi kunauongeza, jambo ambalo mama anayeamka saa tisa za usiku kupokea samaki kwenye mitumbwi hatafurahi kulisikia. Mwendo wa taratibu na kupumua kwa kulegeza nyonga vinasaidia pale ambapo misuli imekwisha kukazana. Na kupewa maelezo tu, kwamba maumivu yana sababu na yana jina, kunaondoa sehemu ya hofu, na hofu ni mojawapo ya vitu vinavyomfanya mlinzi aendelee kupiga kelele.

Kwa muuguzi, mwanzo ni maswali machache, na daftari ambalo mgonjwa tayari analo. Maumivu yalianza ukiwa na umri gani? Yanakulaza, yanakukosesha shamba ao shule? Yanakuja pia wakati wa choo, wakati wa haja ndogo, wakati wa tendo la ndoa? Umetafuta mtoto kwa muda gani? Umekwisha kupewa antibiotiki mara ngapi, na zilisaidia? Kisha kalenda ya miezi mitatu: msalaba kwa kila siku ya damu, duara kwa kila siku ya maumivu. Mwanzoni misalaba na maduara hukaa pamoja. Kwa mwanamke ambaye maduara yameanza kutawanyika mwezi mzima, neva zimekwisha kuingia kazini, na kila mwezi anaongojeshwa unamfundisha mlinzi usiku mwingine.